Barua ya wazi: Fungueni maabara kabla msichana hajachagua masomo

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Kilimanjaro na Arusha, Wakurugenzi wa Halmashauri, Maafisa Elimu Sekondari na wajumbe wa bodi za shule.

Moshi

Waheshimiwa,

Kila matokeo yanapotangazwa swali hurudi: kwa nini wasichana ni wachache kwenye sayansi na teknolojia? Na majibu ya mikutanoni hurudi vilevile. Hawajiamini, wazazi hawawahimizi, waletewe semina ya hamasa. Sisi tunaoandika ni walimu wa Fizikia, Kemia na Hisabati pamoja na wataalamu wa maabara wa sekondari za huku, na tuna neno moja la kuwaambia. Msichana tunampoteza akiwa na miaka 14 au 15, kabla mkono wake haujashika bureti, ule mrija wa kioo wa kupimia vimiminika. Anaambiwa achague masomo ambayo hajawahi kuyafanya. Ameyanakili tu kutoka ubaoni.

Tazameni mpangilio wenyewe. Kwa utaratibu uliozoeleka, Fizikia na Kemia ni za wote Kidato cha Kwanza na cha Pili. Upimaji wa kitaifa wa Kidato cha Pili ukipita, Biolojia na Hisabati hubaki za lazima, Fizikia na Kemia zinakuwa za hiari. Mtaala ulioboreshwa, unaotenganisha mkondo wa jumla na wa amali, yaani wa stadi za kazi, tangu Kidato cha Kwanza, umeuvuta uamuzi karibu zaidi na utoto. Sasa maabara hufunguliwa lini? Mara nyingi ni Kidato cha Nne, kuanzia Septemba, mtihani wa Novemba ukiwa mlangoni. Kemikali hununuliwa wakati huo. Maelekezo ya awali ya Baraza la Mitihani (NECTA) yakifika, mtaalamu wa maabara hukesha akiandaa. Vifaa vizima hukaa kabatini chini ya kufuli mwaka mzima visije vikavunjika kabla ya mtihani. Kwa hiyo wanaoingia maabara ni wale waliokwisha kuchagua sayansi. Aliyeikimbia hakuwahi kuiona.

Majengo si tatizo kubwa tena. Kampeni ya maabara tatu kwa kila sekondari ya kata, iliyofikia kilele mwaka 2014 na 2015 chini ya Rais Kikwete, iliendeshwa kwa michango ya wananchi: mchanga, mawe, mifuko ya saruji, siku za nguvu kazi. Wazazi wa Rombo, Hai, Meru na Same walitoa walichokuwa nacho. Kilichobaki nyuma ni cha ndani ya jengo: maji kwenye sinki, chanzo cha moto, vifaa, na mtu wa kuviandaa.

Tunajua jibu la kwanza litakuwa bajeti. Tupige hesabu pamoja basi, kwa jaribio ambalo kila mwalimu wa Kemia analijua, la kupima asidi kwa besi. Chukueni darasa la wanafunzi 40, wakae wawili wawili, na kila mmoja afanye zamu yake kwa mkono wake: kipimo kimoja cha kukadiria na viwili vya uhakika. Kila kipimo kinatumia sentimita za ujazo 25 za hidroksidi ya sodiamu, ambayo ndiyo besi, yenye ukolezi wa 0.1 M. Ukiongeza ya kusuuzia na ya kumwagika, mwanafunzi mmoja anatumia sentimita za ujazo 100, darasa zima lita 4. Lita moja inahitaji gramu 4 za hidroksidi, kwa hiyo darasa linatumia gramu 16. Kopo la gramu 500 linatosha vipindi zaidi ya 30. Upande wa asidi ya haidrokloriki, lita 4 za 0.1 M zinatoka kwenye takriban sentimita za ujazo 35 za asidi kali ya asilimia 36. Chupa moja ya lita mbili na nusu inavuka vipindi 70. Kopo moja na chupa moja vinaweza kulisha madarasa ya Kidato cha Pili ya shule nzima kwa mwaka na vikabaki.

Kinachoharibika ni kingine, na hapa tunaomba usikivu wenu kwa sababu ndipo fedha inapopotea. Kopo la hidroksidi likiachwa wazi linanyonya unyevu na kaboni dayoksaidi ya hewani. Punje zinageuka ujiuji. Ukipima gramu 4 sehemu yake ni maji, na lebo inasema 0.1 M wakati ukweli ni 0.08. Mwanafunzi anapata 20 mahali ambapo kitabu kinasema 25. Mvulana aliyezoea kuchezea redio mbovu nyumbani atasema kemikali hii ina shida. Msichana ambaye tangu darasa la tano ameambiwa hesabu si zake ataamini shida ni yeye. Tumeliona hilo likiamua nani anajaza Kemia kwenye fomu na nani anaiacha, kisa ni kifuniko cha kopo.

Bureti nazo. Zikinunuliwa za bomba la kufungulia la kioo, halafu besi ikawekwa ndani yake na kulala humo, bomba linaganda, mtu analilazimisha, shingo inakatika. Asidi ndiyo ikae kwenye bureti, besi kwenye chupa ya konikali, ile ya umbo la pia. Baada ya kipindi bureti isuuzwe kwa maji na ifungwe kwenye stendi kichwa chini, bomba likiwa wazi. Kwenye oda iandikwe wazi: bureti ya sentimita za ujazo 50, bomba la plastiki. Maneno hayo matatu ya mwisho yana thamani kuliko semina nzima ya utunzaji wa vifaa. Na asidi kali izimuliwe na mtaalamu peke yake, amevaa miwani na glavu, asidi ikimiminwa kwenye maji na kamwe si maji kwenye asidi.

Fizikia haina hata gharama hiyo. Uzi, nati ya boliti, rula ya mita na saa yenye sekunde. Uzi wa sentimita 100, ukipimwa mpaka katikati ya nati, unakwenda na kurudi mara 20 kwa takriban sekunde 40. Ufupishe hadi sentimita 25, mara 20 zinachukua sekunde 20. Urefu umekuwa robo, muda umekuwa nusu. Mtoto wa Kidato cha Kwanza akiliona hilo kwa macho yake, kipeuo cha pili hakiwi tena alama ya kutisha. Makosa ni matatu na yanajulikana: kuhesabu “moja” nati inapoachiwa badala ya “sifuri”, kupima uzi mpaka juu ya nati badala ya katikati yake, na kuivuta mbali mno hadi inazunguka. Yote hurekebishwa kwa dakika tano, mwalimu akiwa na makundi madogo.

Makundi ndiyo kiini cha barua hii. Wanafunzi kumi wakizunguka kifaa kimoja, mgawanyo hutokea wenyewe bila mtu kuutangaza: mvulana anashika, msichana anaandika, kwa kuwa “ana mwandiko mzuri”. Katika chumba cha kompyuta ni vivyo hivyo, mmoja kashika kipanya na wanne wanachungulia begani. Miaka miwili msichana anaandika vipimo vilivyosomwa na wengine. Daftari lake ndilo safi kuliko yote darasani, na siku ya mtihani wa vitendo anakutana na kifaa peke yake kwa mara ya kwanza. Walimu husema alikuwa akifanya vizuri, hawajui kilichomkuta. Sisi tunajua kilichomkuta.

Kundi lisizidi watu watatu. Mmoja ashike kifaa, mmoja asome kipimo, mmoja aandike, na nafasi zizunguke kila kipimo, si kila wiki. Kwenye kompyuta zamu ya kipanya iwe dakika 15 kwa saa ya ukutani. Muhula wa kwanza wa Kidato cha Kwanza baadhi ya makundi yawe ya wasichana watupu, mpaka mikono izoee. Halafu liwepo daftari la maabara lenye safu nne tu: tarehe, jina, jaribio, na kifaa alichoshika kwa mkono wake. Wathibiti ubora wa shule wakija, daftari hilo ndilo waliombe kwanza, kabla ya andalio la somo. Likionyesha kwamba mwezi mzima hakuna jina la msichana mbele ya galvanomita, kifaa cha kupimia mkondo mdogo wa umeme, shule ijieleze. Hatuombi fedha kwa hili. Tunaomba waraka wa ukurasa mmoja wenye saini zenu.

Ratiba nayo ina mkono wake. Kipindi ni dakika 40, na jaribio la Kemia, toka kusuuza vifaa hadi kuvirudisha, linataka 80. Kwa hiyo praktiko husukumwa mwisho wa siku au baada ya masomo, saa tisa na nusu kwenda mbele. Ni saa hiyohiyo msichana wa kutwa anaanza kuhesabu njia ya kurudi, maji ya kuchota na chakula cha jioni kinachomsubiri, na mzazi mwenye busara hataki binti yake apande bodaboda gizani. Mvulana anabaki, msichana anaondoka, na tunaandika kwamba hakuwa na ari. Vipindi viwili vinavyofuatana viwekwe asubuhi, kabla ya mapumziko. Jaribio lirudiwe pia wiki inayofuata kwa waliokosa, maana siku za hedhi hazifuati ratiba ya mwalimu wa taaluma. Kama bomba limefika kwenye sinki la maabara, mita chache zaidi za mpira zingelifikisha choo cha wasichana. Choo hicho kiwe na komeo kwa ndani na ndoo yenye mfuniko. Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike mwaka 2018 na kuirudisha mwaka uliofuata. Hilo liko juu ya uwezo wa halmashauri, lakini akiba ya pakiti kadhaa kwa mwalimu wa malezi haiko juu ya uwezo wa shule.

Kuna kikwazo kingine kisichoonekana kwenye orodha ya vifaa. Mtoto amesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, anaingia sekondari Fizikia inafundishwa kwa Kiingereza. Tatizo halikomei kwenye msamiati. Nyumbani “nguvu” ni neno moja linalobeba kani, nishati na kasi ya kufanya kazi. “Joto” linabeba nishati ya joto na jotoridi kwa pamoja. “Uzito” sokoni ni kilo, ilhali mwalimu anadai kilo ni tungamo na uzito ni nyutoni. Mtoto akikosea hapo hajakosa akili, ametumia lugha yake sawasawa. Mwalimu anayeijua tofauti hiyo anaieleza kwanza kwa Kiswahili, kwa dakika kumi, ndipo anaingia kwenye Kiingereza cha mtihani. Asiyeijua anasahihisha Kiingereza cha mtoto mbele ya darasa. Wasichana wengi wakichekwa mara moja hawanyooshi mkono tena muhula mzima.

Mkoa wetu wa Kilimanjaro una sababu ya pekee ya kuheshimu swali la mwanafunzi. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, kijana wa sekondari mkoani Tanga, alitia maziwa ya moto kwenye friza akitengeneza aiskrimu, akaona yake yameganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, aliambiwa amechanganyikiwa, na wenzake wakamfanyia mzaha. Mwaka 1969, akiwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori Mweka, hapo juu ya mji wetu, yeye na mhadhiri wa fizikia Denis Osborne walichapisha makala kuhusu jambo hilo, iliyolifanya jina la Mpemba lijulikane na wanafizikia duniani. Mpemba alikuwa na friza, maziwa na ruhusa ya kuvishika. Mpeni msichana wa Uru au wa Mwika vitu hivyo vitatu, kisha swali lake lisizomewe.

Turudi kwenye ile fomu ya kuchagua masomo. Wazazi wengi hawajui kinachofungwa pale binti anapoacha Fizikia. Hukubali kwa upendo: “Biolojia anayo, atakuwa daktari.” Hatakuwa. Bila Fizikia hakuna tahasusi ya PCB, na shahada ya udaktari, pale chuo cha tiba cha KCMC kama kwingineko nchini, inadai Fizikia, Kemia na Biolojia za Kidato cha Sita. PCM nayo, yenye Hisabati badala ya Biolojia, imekwenda, na pamoja nayo uhandisi. Stashahada za umeme, mitambo na ujenzi, zikiwemo za Chuo cha Ufundi Arusha, zinataka ufaulu wa masomo ya sayansi na Hisabati wa Kidato cha Nne. Binti wa miaka 15 aliyekuwa akimkwepa mwalimu mkali amefunga milango hiyo yote kwa alama moja ya kalamu, na hakuna mtu mzima aliyemwonyesha. Kiandaliwe kikaratasi cha ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, kinachosema ukiacha somo hili kozi hizi huzipati. Mzazi akisome na kukisaini. Mwanafunzi aruhusiwe kurudi kwenye somo ndani ya wiki sita za kwanza za Kidato cha Tatu bila kuonekana msumbufu. Na mkuu wa shule asimshauri mtoto aache Fizikia ili wastani wa shule upande kwenye jedwali la mkoa. Wakuu wa shule wanajua tunachosema, na wanajua shinikizo hilo linatoka wapi.

Fedha za mbele zipo kuliko zamani, tunashukuru kwa hilo. Ada ya Kidato cha Tano na cha Sita imefutwa, Samia Scholarship inawabeba wanaofaulu vizuri zaidi sayansi Kidato cha Sita, na shule za wasichana za sayansi za mikoa zimejengwa. Ila vyote hivyo vinamsubiri aliyekwisha kuvuka Kidato cha Pili akiwa na Fizikia mkononi.

Kuhusu semina za hamasa, tungependelea zibadilishwe sura. Wanawake wa kuigwa tunao jirani: Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela pale Tengeru imekuwa nyumba ya kazi ya Profesa Hulda Swai, anayejulikana kwa utafiti wa nanoteknolojia, yaani teknolojia ya chembe ndogo mno, kwenye dawa, na mafundi sanifu wanawake wamo katika maabara za hospitali, za maji na za viuatilifu kuanzia Moshi hadi Ngaramtoni. Wakija shuleni wasisimame jukwaani kusimulia safari ya maisha. Waje na kifaa, wafanye kazi, watoto washike. Maji ya kwetu yenyewe ni somo. Chini ya Mlima Meru kuna visima vyenye floraidi inayopita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia ya vijana wa huko yanatosha kuwa ushahidi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanyia kazi kwa miaka mingi mkaa wa mifupa ya ng'ombe unaonasa floraidi hiyo. Ukiuchoma kwa moto mdogo, maji yanatoa harufu na ladha mbaya. Ukipitiliza, mifupa inakuwa myeupe na uwezo wake wa kunasa unashuka sana. Hapo pana jotoridi, hewa, eneo la uso na kipimo, Kemia ya muhula mzima kwenye ndoo ambayo msichana anaibeba kichwani kila jioni.

Wachache wanaofika chuoni nao tusiwaangushe kwenye karakana. Ovaroli zinazonunuliwa kwa saizi za wanaume tu ni hatari: mkono wa nguo unaoning'inia karibu na mashine ya kukereza unaweza kunaswa na kumvuta mtu kabla hajafikia swichi. Buti za usalama ziagizwe kuanzia namba 37. Mwanafunzi aliyepelekwa fildi asiwekwe kwenye mafaili na chai, na msimamizi asisaini kitabu chake cha mafunzo pasipokuwa na orodha ya mashine alizoendesha. Mwajiri akumbushwe kwamba sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, na karakana haijasamehewa.

Tunachoomba kwenye bajeti ijayo ni mstari mmoja unaojitegemea: vifaa na kemikali za Kidato cha Kwanza na cha Pili. Usichanganywe na ule wa mtihani wa Kidato cha Nne, maana ukichanganywa utamezwa. Ununuzi ufanyike ili vitu viwe shuleni masomo yanapoanza Januari. Shule isiyo na mtaalamu wa maabara ipewe hata mmoja wa kuzunguka shule tatu, kila moja siku yake, na mwalimu wa somo apunguziwe vipindi siku ya praktiko. Orodha ya vifaa kwa darasa la wanafunzi 40, ikiwa na vipimo na idadi, tutaiandaa wenyewe bila malipo na kuikabidhi ofisi ya Afisa Elimu atakayeihitaji. Tuko tayari pia kutumia Jumamosi kuwaonyesha walimu wapya namna ya kuandaa lita 4 za 0.1 M bila kuharibu kopo.

Kufuli za maabara zina funguo, na funguo ziko kwa wakuu wa shule. Wanasubiri neno lenu.

Wenu katika kazi,

Walimu wa sayansi na Hisabati na wataalamu wa maabara, Moshi